Wings: Bendi ya watu watatu iliyorekodi albamu Lagos

ALBAMU ya Band on the Run ya kundi la Wings la Uingereza, iliyotolewa Desemba 1973, ni miongoni mwa kazi mashuhuri za muziki wa roki zilizorekodiwa barani Afrika. Sehemu yake kubwa ilirekodiwa jijini Lagos, Nigeria, na wanamuziki watatu tu, baada ya wenzao wawili kujitoa muda mfupi kabla ya safari.

Wings iliundwa mwaka 1971 na Paul McCartney, mwaka mmoja baada ya kusambaratika kwa kundi la The Beatles. Waanzilishi wengine walikuwa mkewe Linda, aliyepiga kinanda, mpiga gitaa Denny Laine na mpiga dramu Denny Seiwell kutoka Marekani. Mwaka 1972 aliongezwa mpiga gitaa Henry McCullough wa Ireland ya Kaskazini.

Mwaka 1973 wimbo wao wa My Love ulishika nafasi ya kwanza Marekani. Hata hivyo, wahakiki wengi walikuwa bado wakimpima McCartney kwa mizani ya The Beatles na kumwona amepungua, hivyo albamu iliyofuata ilibeba heshima yake.

McCartney alitaka kurekodi nje ya Uingereza. Aliitaka kampuni ya EMI impatie orodha ya studio zake duniani, naye akachagua Lagos.

Mgogoro ulizuka wakati wa mazoezi huko Scotland. McCullough, aliyetaka uhuru wa kupiga gitaa apendavyo, alikataa kupangiwa sauti za kupiga, akaondoka. Seiwell naye alipiga simu katika dakika za mwisho kabla ya kupanda ndege, akaarifu kuwa hasafiri. Miongoni mwa manung'uniko yake ni malipo madogo na kukosekana kwa mkataba wa maandishi.

McCartney hakuahirisha safari. Agosti 1973, yeye, Linda na Laine waliwasili Lagos pamoja na fundi mitambo Geoff Emerick, aliyewahi kurekodi kazi za The Beatles. Nigeria ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi, miaka mitatu tu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Studio ya EMI iliyokuwa eneo la Apapa haikuwa na vifaa vya kutosha. Mtambo wake wa kunasa sauti ulikuwa na njia nane, wakati studio kubwa za London zilikwishaanza kutumia mitambo ya njia 16.

Kwa kuwa hapakuwa na mpiga dramu, McCartney alizipiga mwenyewe. Alipiga pia gitaa la besi na sehemu ya magitaa mengine, akisaidiwa na Laine na Linda. Sauti za ala zilinaswa moja baada ya nyingine, kisha zikaunganishwa kuwa wimbo mmoja.

Matatizo hayakuishia hapo. Usiku mmoja, McCartney na mkewe walivamiwa na watu wenye visu, wakaporwa mali pamoja na kanda za majaribio na karatasi za mashairi ya nyimbo. Ikabidi nyimbo zirekodiwe kwa kutegemea kumbukumbu. Baadaye, McCartney alibanwa pumzi na kuzirai studioni.

Aidha, mwanamuziki maarufu wa Nigeria, Fela Kuti, alimtuhumu kuwa amekuja kuiba muziki wa Kiafrika. McCartney alimwalika studioni na kumsikilizisha nyimbo zake, ndipo Fela akaridhika kwamba tuhuma hizo hazikuwa na msingi.

Kazi ilikamilishwa London katika studio za AIR, ambako Tony Visconti alipanga muziki wa okestra.

Mwanzoni mauzo yalikuwa ya kawaida, lakini nyimbo za Jet na Band on the Run ziliinua albamu hiyo hadi nafasi ya kwanza Marekani na Uingereza mwaka 1974. Mwaka 1975 ilipata tuzo mbili za Grammy, moja ikiwa ya uimbaji wa kundi na nyingine ya ufundi mitambo, aliyoipata Emerick.

Wings iliendelea kubadilisha wapiga gitaa na wapiga dramu hadi ilipovunjika mwaka 1981. Waliodumu tangu mwanzo hadi mwisho ni watatu wale wale waliokwenda Lagos. Linda alifariki dunia mwaka 1998 na Laine Desemba 2023.

Februari 2024 lilitoka toleo la kuadhimisha miaka 50 ya albamu hiyo, likiwa na nyimbo kama zilivyokuwa kabla ya kuongezwa okestra. Humo msikilizaji anaweza kupima mwenyewe ni kiasi gani cha kazi hiyo kilitokana na watu watatu walioamua kutoahirisha safari.