Uchoraji wa Uholanzi na Nchi Yake: Maoni Kutoka Nkombo

Nilizaliwa Nkombo, kisiwa cha Ziwa Kivu upande wa Rusizi. Nilipoona darasani picha ya Jacob van Ruisdael yenye kinu cha upepo cha Wijk bij Duurstede, nilitambua vitu viwili mara moja: maji na mawingu mazito. Nikajiuliza: kwa nini Waholanzi wa karne ya 17 waliichora nchi yao kwa wingi namna ile?

Jibu la kwanza ni mnunuzi. Mwaka 1566 Waprotestanti walivunja sanamu na picha makanisani, na Kanisa la Kikalvini halikuagiza nyingine za altare. Vita dhidi ya Hispania, vilivyoanza 1568, viliisha 1648, Uholanzi ikiwa jamhuri isiyo na mfalme. Mchoraji akamgeukia mfanyabiashara wa mjini, aliyetaka kutundika ukutani vitu anavyovijua: mto, meli, jiko, malisho.

Jibu la pili ni jasho. Ziwa Beemster lilikaushwa kwa vinu vya upepo, kazi ikakamilika 1612. Watu walioitoa ardhi majini kwa mikono yao walikuwa na sababu ya kuitazama kwa makini. Ndiyo maana Paulus Potter, mwaka 1647, aliweza kumchora fahali mchanga kwa ukubwa ambao wengine waliwawekea wafalme.

Hapa Rwanda tunao ng'ombe pia, ila njia ni nyingine. Imigongo, sanaa ya wanawake wa Gisaka mashariki mwa nchi, hutengenezwa kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu, kisha hupakwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Pichani hakuna ng'ombe, ni mistari na pembe tu. Potter alimchora ng'ombe. Gisaka ilichora kwa ng'ombe. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba sanaa huonyesha nchi yake pale tu inapoiiga sura. Nchi huingia kupitia mnunuzi, kazi na malighafi.

Je, Nkombo? Usiku wavuvi wetu hufunga mitumbwi kwa miti mirefu, huwasha taa na kutega sambaza. Wengi hudhani uvuvi huo ni wa kale. Sivyo: sambaza waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Babu yangu alizaliwa kabla yao. Kama ardhi ya Beemster, ziwa tunalolijua limetengenezwa na watu, tena juzi tu.

Ukutani kwetu hakuna picha ya mitumbwi hiyo, kuna kalenda. Wazee wanaokumbuka Kivu bila sambaza wanapungua kila mwaka. Mwanahistoria anaweza leo kuisoma Uholanzi ya 1650 kwa sababu mwenye duka alinunua picha ya mto wake. Sisi tusiponunua, na tusipochora, atakayetaka kuisoma Nkombo atatazama nini?