Kipimo cha Uraibu wa Simu Janja

Kipimo cha uraibu wa simu janja, kinachojulikana kimataifa kwa kifupi SAS, ni hojaji iliyotungwa Korea Kusini na Min Kwon na wenzake na kuchapishwa mwaka 2013 katika jarida la PLoS ONE. Toleo la kwanza lina kauli 33. Toleo fupi, lililotoka mwaka huohuo, lina kauli 10, na ndilo watafiti wengi hulipeleka vyuoni kwa sababu mwanafunzi hulimaliza kabla mhadhiri hajaingia. Kila kauli hujibiwa kwa alama 1 hadi 6, kuanzia kukataa kabisa hadi kukubali kabisa. Anayejibu huulizwa kama kazi aliyopanga imelala kwa ajili ya simu, kama hashiki masomo darasani, kama kifundo cha mkono au shingo vinamuuma, kama anaweza kukaa bila simu, na kama watu wake wamewahi kumwambia amezidi.

Jumla ya toleo fupi huwa kati ya 10 na 60. Mvulana aliyefikisha 31 na msichana aliyefikisha 33 huhesabiwa kuwa hatarini. Mipaka hiyo iliwekwa kwa majibu ya vijana wa shule wa Korea, lakini hutumiwa mara nyingi kwa wanachuo wa nchi nyingine bila kupimwa upya.

Hojaji za aina hii zilikuwapo kabla: ya Bianchi na Phillips wa Australia (2005) ina kauli 27, na ya Louis Leung wa Hong Kong (2008) ina 17.

Udhaifu mkubwa wa hojaji hizi ni kwamba zote humtegemea mtu ajieleze mwenyewe. Mwaka 2015 watafiti wa Uingereza waliweka programu ya kurekodi matumizi katika simu za watu 23 kwa wiki mbili. Simu zilitumika wastani wa saa tano hivi kwa siku, na mara ambazo mtu aliishika zilizidi maradufu zile alizokisia. Zaidi ya nusu ya mishiko hiyo haikufika sekunde 30, ndiyo maana haikumbukwi. Utafiti wa David Ellis na wenzake wa mwaka 2019, uliohusisha watumiaji 238 wa iPhone, ulionyesha kuwa alama za hojaji zinalingana kidogo tu na muda uliorekodiwa na simu yenyewe. Inaelekea hojaji hupima zaidi wasiwasi wa mtu juu ya matumizi yake.

Baadaye kundi lililomjumuisha Ellis lilitunga, kwa kejeli ya makusudi, hojaji ya uraibu wa marafiki wa ana kwa ana. Kwa mtindo uleule wa kuhesabu, asilimia 69 ya waliojibu walionekana waraibu wa marafiki.

Uraibu wa simu haumo katika DSM-5, mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili (2013). ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022, inatambua uraibu wa michezo ya kidijitali, si wa simu.

Afrika Mashariki kuna jambo jingine: simu ndiyo pochi. Mwanachuo wa Dodoma au Eldoret ambaye nauli, pesa ya chakula aliyotumiwa na wazazi na matangazo ya darasa kwenye WhatsApp vyote vimo humo atajaza 6 kwenye kauli ya kutoweza kukaa bila simu, na jumla yake itapanda sawasawa na ya mwenzake aliyekesha akitazama video hadi bando likakata.