Matarajio na Ushahidi wa Jicho: Funzo Kutoka Basra

Sifa zote njema anastahiki Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Kila mwaka, jioni ya tarehe 29 Ramadhani, Waislamu hutoka kuutazama mwezi mwandamo upande wa magharibi, na wengi hutamani kesho iwe Idi. Hapo huzuka suali ambalo imamu hawezi kulikwepa: jicho lenye kutarajia, je, huona kilichopo au huona linachokingoja?

Tutazame visa viwili vya Sahaba mmoja, Anas bin Malik (r.a.). Cha kwanza kimepokewa katika Sahih Muslim. Anas alikuwa safarini na Sayyidna Umar (r.a.) baina ya Makka na Madina, wakautafuta mwezi. Anas, ambaye macho yake yalikuwa makali, akauona peke yake. Akamwonyesha Umar, naye hakuuona. Umar hakumkadhibisha, wala hakudai kuona asichokiona. Alisema tu kwamba atakuja kuuona akiwa amelala kitandani mwake.

Kisa cha pili wamekisimulia wanahistoria. Anas sasa ni mzee anayekaribia miaka 100, yuko Basra. Watu wakatoka kuutafuta mwezi, naye akasema ameuona, akawa anaashiria, na hakuna mwingine aliyeona kitu. Alikuwepo Iyas bin Muawiya, aliyekuja kuwa kadhi wa Basra na kufariki mwaka 122 Hijria (740). Iyas akauona unywele mweupe wa nyusi umepinda mbele ya jicho la mzee. Akaufuta kwa upole, kisha akamwomba awaonyeshe tena mahali pa mwezi. Anas akatazama, akasema hauoni.

Mtu ni yule yule, na uadilifu wake ni ule ule. Mara ya kwanza alikuwa peke yake naye amepatia. Mara ya pili alikuwa peke yake naye amekosea. Basi ukweli wa mtu ni jambo moja, na usahihi wa alichokiona ni jambo jingine.

Takriban miaka 250 baada ya kufariki Anas, katika mji huo huo wa Basra, alizaliwa Ibn al-Haytham (354 Hijria, 965). Katika Kitab al-Manazir alibainisha kwamba jicho hupokea mwanga na rangi, na mengi yaliyobaki hukamilishwa na akili kwa kupambanua na kulinganisha na iliyokwisha kuyajua. Kazi hiyo hupita upesi hata mwenyewe asiitambue. Na kitu kikiwa mbali, au mwanga ukiwa hafifu, makosa huingia. Na mwezi mwandamo ni kitu cha mbali, chembamba, tena katika mwanga wa magharibi.

Je, matarajio yote ni mabaya? Hapana. Wanafalaki nao wana matarajio yao. Wamepima kwamba toka mwezi na jua kukutana hadi kukutana tena ni wastani wa siku 29, saa 12 na dakika 44, na kwa hesabu hizo hutabiri kupatwa kwa jua, nalo likapatwa mbele ya macho ya watu wote. Matarajio ya namna hii yamekubali kujaribiwa. Ndiyo maana Imamu Taqiyyuddin as-Subki, mwanachuoni wa Kishafi aliyefariki mwaka 756 Hijria (1355), alisema kwamba hesabu ya yakini ikionyesha kuwa mwezi hauwezekani kuonekana, ushahidi wa kuuona haukubaliwi. Wapo maulamaa wa madhehebu yake waliomkhalifu, na kila upande una hoja zake.

Lakini hata asiyeikubali rai ya Subki hana udhuru wa kuacha kuuliza. Shahidi aulizwe: uliuona wapi, kabla au baada ya jua kuzama, ncha zake zilielekea wapi? Mashahidi wakiwa wawili, kila mmoja aulizwe peke yake. Kuuliza si kumtuhumu. Iyas hakumwita Sahaba wa Mtume mwongo. Aliufuta unywele tu.

Na funga ya umma mzima ni amana. Imamu anayepokea habari kwa sababu ndiyo aliyokuwa akiitamani, ana unywele mbele ya jicho lake mwenyewe, na huo ndio wa kufutwa mwanzo.

Wallahu a'lam.