Gharama ya Vifaa vya Kujaza Risasi Upya

Kujaza risasi upya ni kazi ya mikono: mpiga shabaha huchukua ganda lililokwisha kufyatuliwa, akalirudishia umbo lake, akalitia fataki, baruti na kichwa kipya, likawa risasi kamili tena. Burudani hii imeshamiri zaidi Marekani, ambako sheria ya shirikisho haimdai mtu leseni ya utengenezaji maadamu risasi ni za matumizi yake. Leseni huhitajika anapotaka kuziuza. Anayeanza huuliza kwanza mashine ni bei gani. Ana haki ya kuuliza, lakini jibu halimfikishi mbali. Vifaa huwa ghali au rahisi kulingana na aina ya risasi anayopiga na wingi wake kwa mwaka. Lebo ya bei dukani haisemi lolote juu ya hayo.

Ngazi ya chini kabisa ni kifaa cha kugonga kwa nyundo alichokibuni Richard Lee wa Wisconsin mwaka 1958, ambacho hadi leo hununuliwa kwa makumi machache ya dola. Juu yake ziko seti za mashine ya mkono inayofanya hatua moja kwa wakati, zinazouzwa na kampuni kama Lee, RCBS na Hornady kwa takriban dola 200 hadi 500, pamoja na mizani na kipimio cha baruti. Kileleni ziko mashine zenye sahani inayozunguka, ambazo kila mvuto wa mkono hutoa risasi iliyokamilika. Zile za Dillon ya Arizona, zikishafungwa vifaa vyote, hupita dola 1,000 kwa urahisi. Mnunuzi mgeni husahau vidogodogo. Kila aina ya risasi hutaka kalibu zake, na kuna kikatio cha kupunguza maganda yaliyorefuka, chombo cha kuyasafishia, kipimo cha urefu na kitabu cha vipimo vya baruti, ambacho hakuna mwenye akili anayekiruka.

Sasa tuchukue mfano wa mtu aliyetumia dola 400. Akipiga bastola ya milimita 9, ambayo viwanda huimimina sokoni kwa mamilioni, huenda akaokoa senti 5 kwa risasi. Itabidi ajaze 8,000 ndipo fedha yake irudi. Jirani yake mwenye bunduki ya .308 ya kulenga mbali, ambaye risasi yake ya dukani yenye ubora wa mashindano hupita dola moja na nusu, anaweza kuokoa senti 70, na vifaa vilevile vikajilipa kabla hajafikisha 600. Sababu iko wazi: ganda la shaba ndilo sehemu ghali ya risasi, nalo hutumika tena na tena, na katika risasi kubwa za ubora thamani hiyo inayookolewa ni kubwa zaidi.

Wapo wanaopinga kwamba hesabu hii inauficha muda. Ni kweli, mashine ya hatua moja hutoa risasi zisizozidi mia hivi kwa saa, na anayejilipa ujira atakuta akiba imekwisha. Lakini hakuna anayemtoza mvuvi wa burudani gharama ya saa alizokaa ufukoni. Pingamizi zito zaidi ni lile la wapigaji wenyewe, wanaokiri kwa kucheka kwamba hawaokoi kitu: risasi ikishuka bei, wanapiga nyingi zaidi. Hapo matumizi ya mwaka hayapungui. Kinachopungua ni bei ya kila pigo, na kwa anayefanya mazoezi ya mashindano hiyo ni faida halisi.

Hesabu hii ina udhaifu mmoja usiotokana na vifaa. Mashine ya chuma hudumu miongo, na ikiuzwa mkononi hurudisha sehemu nzuri ya bei yake, ila haitengenezi fataki. Hizo hutoka katika viwanda vichache, na uhaba ulioanza mwaka 2020 ulizipandisha kutoka senti 3 au 4 kila moja hadi senti 10 na zaidi mikononi mwa walanguzi. Wengi walibaki na mashine za mamia ya dola zilizofunikwa turubai. Kwa hiyo akiba ya fataki ni sehemu ya mtaji, ingawa orodha za bei haziitaji.

Mwisho kuna kundi ambalo kwao swali la bei ya mashine halina uzito kabisa. Bunduki za mitutu miwili za .470 Nitro Express, zilizobebwa na wawindaji wa nyati na tembo katika Afrika Mashariki ya kikoloni, bado zina wamiliki Marekani. Risasi moja ya dukani hufika dola 10 na zaidi, na si kila duka linazo. Kwa hao, seti ya dola 400 hujilipa kwa maboksi machache tu, na pale dukani panapokuwa patupu, mashine ndiyo inayoiwezesha bunduki kutumika.