Sheria ya Udukuzi Ilianza na Mbwa

Sheria ya kwanza ya jimbo huko Marekani kuhusu kuingia kompyuta bila ruhusa haikuletwa na jasusi. Ililetwa na mbio za mbwa. Sitanii.

Mwaka 1977, uwanja wa Flagler Dog Track, Miami, watu walikuwa wanabet kwa mbwa. Wafanyakazi wa hapo wakatumia kompyuta kuchapisha tiketi feki za ushindi. Hakuna mlango uliovunjwa, hakuna bunduki, na pesa zikaenda.

Shida ni kwamba sheria za wizi ziliandikwa kwa vitu vya kushikika. Ng'ombe akiibwa, zizi linabaki tupu. Data ikinakiliwa, bado iko palepale. Sasa utasema nini kimeibwa?

1978, jimbo la Florida likapitisha sheria yake. Na hapa ndipo wengi wetu hatujui: haikusubiri mtu aibe. Ukiingia kwa makusudi na unajua huna ruhusa, hilo tu lilikuwa kosa, hata kama hujagusa kitu. Kifungo? Hadi miaka 5.

Nje ya majimbo, sheria ya nchi nzima ilichelewa. 1983, vijana wa Milwaukee waliojiita 414s, namba ya simu ya eneo lao, waliingia hadi maabara ya nyuklia ya Los Alamos. Serikali ikakosa kosa la kuwafaa, ikaishia kushtaki wawili kwa kupiga simu za usumbufu! Sheria ya nchi nzima ilikuja 1984. Majimbo nayo yalifuatana moja moja, Vermont likifunga mkia 1999.

Mimi naona Florida walikuwa sahihi kwa jambo moja. Nikiwa Form Three nilikuwa naingia akaunti ya sista wangu kusoma meseji zake. Sikuiba kitu. Lakini siku aligundua, hakuniamini tena kwa muda mrefu sana. Kuingia kwenyewe kunaumiza.

Lakini kuchungulia na kuiba si sawa, na sheria yetu ya 2018 imetenganisha. Kuingia tu bila ruhusa ni faini hadi milioni 5 au miaka 3, au vyote. Ukiingia ili ufanye uhalifu mwingine, ni hadi milioni 10 au miaka 10, au vyote.

So wewe unayejua paswadi ya ex wako na unasema "naangalia tu", hiyo "tu" haijakuwa utetezi tangu enzi za wale mbwa. Toka huko.