Nilisoma Kireno, Nikaweza Kusoma Mlango wa Fort Jesus

Mjomba wangu wa Mombasa aliposikia nimeendelea na Kireno chuoni, sasa kiwango cha kati, aliniuliza swali moja: "Kireno cha nini, mjomba? Hao si ndio waliotuchomea mji?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu ni ukweli. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliivamia Mombasa, akaipora na kuiteketeza. Mwaka 1593 Wareno wakaanza kujenga Fort Jesus, na wakakaa humo mpaka 1698, Waomani walipoiteka baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu. Shuleni tulifunzwa hivyo hivyo: walikuja, wakajenga, wakafukuzwa. Mtihani umeisha, twende nyumbani.

Kozi ya mwanzo ilikuwa raha tu. Salamu, kuhesabu, na kushangaa vile *mesa* ni meza, *bandeira* ni bendera na *lenço* ni leso. Lakini siku tulipofika kwa *igreja*, yaani kanisa, nilinyamaza kidogo. Hilo ndilo neno lililotupa gereza. Ndani ya ngome kulikuwa na kanisa, na kwa Waswahili ngome yenyewe ikawa gereza. Kule Kilwa Kisiwani, ngome ya kale inaitwa Gereza hadi leo. Halafu Waingereza wakaigeuza Fort Jesus kuwa jela kweli, kuanzia 1895 hadi 1958. Hebu fikiria: neno la nyumba ya sala limeishia kuwa neno la mahali pa kufungiwa.

Kiwango cha kati ndicho kilinibamba. Huko unakutana na nyakati mbili zilizopita. *Perfeito* ni ya jambo lililotendeka likaisha: alibomoa. *Imperfeito* ni ya mambo yaliyokuwa yakiendelea: walikuwa wakiishi. Ukichanganya, hadithi inageuka.

Kisha tukapewa kazi: tafuta maandishi ya zamani ya Kireno uyatafsiri. Nikamwomba mjomba anipigie picha ya jiwe lililo juu ya lango la Fort Jesus. Amepita chini yake maisha yake yote. Mimi pia nilipita hapo kwa ziara ya shule, macho yote kwa mizinga.

Kulielewa hilo jiwe, lazima ujue kisa kilichotangulia. Yusuf bin Hasan, mtoto wa sultani aliyeuawa, alipelekwa Goa akiwa mdogo. Akalelewa na mapadri, akabatizwa Dom Jerónimo, kisha akarudishwa Mombasa kutawala chini ya Wareno. Walidhani wamemmaliza. Agosti 1631 alimuua kapteni wa ngome na kuiteka. Wareno wengi waliuawa, pamoja na Waafrika waliokuwa Wakristo, kwa hivyo hii si hadithi ya shujaa msafi. Mwaka uliofuata aliondoka na Wareno wakarudi.

Jiwe linaendelea kutoka hapo. Linamsifu Francisco de Seixas de Cabreira, aliyefanywa kapteni akiwa na miaka 27. Ishirini na saba! Msee wa umri wetu. Ati aliijenga upya ngome, akawatoza ushuru wafalme wa pwani, akazibomoa kuta za Pate na Siu, akaiadhibu Pemba. Tarehe ni 1639.

Ilinichukua wiki nzima na kamusi. Nilichogundua ni kwamba karibu jiwe lote linasimulia kwa *perfeito*. Alijenga, alibomoa, aliadhibu. Maisha ya watu waliokuwa wakiishi nyuma ya zile kuta hayasimuliwi.

Nikampigia mjomba nikamsomea tafsiri yangu. Nyanya yake alitoka Siu. Alikaa kimya, kisha akasema, "Hebu rudia hapo pa Siu." Nikarudia. Akasema, "Kumbe limeandikwa mlangoni, na sisi twalipa kiingilio tupite chini yake."

Hapo ndipo nilipata jibu lake. Watu huniambia nisome Kichina nipate kazi, na sibishani, bili ni bili. Lakini sehemu kubwa ya yale yaliyoandikwa kuhusu pwani yetu miaka hiyo iko kwa Kireno. Iko Goa, iko Lisbon kwenye hifadhi ya Torre do Tombo, na nyingine iko juu ya lango letu wenyewe. Tukiwaachia wengine wasome, tutaendelea kupokea *perfeito* yao. Kujua lugha ya mtu hakukufanyi kuwa wake. Muulize Dom Jerónimo.

Kwa hivyo ukienda Fort Jesus tena, kabla hujapiga picha za kupost, inua kichwa pale langoni. Hilo jiwe linatuongelea sisi.