Lukemia kwa watoto: Ni nini kinachoziamuru seli zizaane bila kikomo?

Saratani ya damu, yaani lukemia, ndiyo saratani inayowapata watoto wengi zaidi duniani. Aina inayoonekana zaidi utotoni ni lukemia kali ya limfoblasti, ambayo huanzia katika uboho wa mifupa, mahali damu inapotengenezwa.

Kwa kawaida, seli changa za damu hugawanyika, hukomaa, hufanya kazi yake na kufa. Kwa mgonjwa, hitilafu za jeni huzizuia kukomaa huku zikiendelea kuzaana, hadi zikaujaza uboho na kuzisonga seli nzima. Ndiyo sababu mtoto hupauka, hutokwa na damu kwa urahisi na kuandamwa na homa.

Hitilafu mashuhuri ni kromosomu ya Philadelphia, iliyogunduliwa mwaka 1960 na Wamarekani Peter Nowell na David Hungerford. Mwaka 1973, Janet Rowley wa Chicago alibaini kuwa hutokea pale kromosomu ya 9 na ya 22 zinapobadilishana vipande. Hapo jeni mbili, BCR na ABL1, huungana na kuzalisha protini inayoiamuru seli igawanyike bila kukoma.

Hitilafu hiyo huwapata watoto wachache, takriban 3 hadi 5 katika kila wagonjwa 100, lakini zamani wengi wao hawakupona. Dawa ya imatinibu, inayoizuia protini hiyo, ikiandamana na tiba ya kemikali, imewaongezea matumaini. Marekani iliidhinisha matumizi hayo kwa watoto mwaka 2013.

Muungano mwingine, wa jeni ETV6 na RUNX1, huonekana zaidi. Mara nyingi hutokea mtoto angali tumboni, lakini peke yake hauleti ugonjwa. Hitilafu nyingine lazima zifuate. Kwa hiyo lukemia haiambukizi, wala si kosa la mzazi.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona katika nchi tajiri, ilhali katika nchi nyingi maskini ni chini ya asilimia 30. Shirika hilo limelenga angalau asilimia 60 ifikapo 2030. Homa isiyokoma hata baada ya tiba ya malaria, michubuko isiyo na sababu na maumivu ya mifupa ni dalili za kumpeleka mtoto hospitalini apimwe damu mapema.